Kanda Iliyokuwa Kwenye Koti la Masanja

Mwanangu Minza,

Umekwenda Nyakato kumuaga shangazi yako, baba yako yuko gereji, na nyumba imebaki yangu mpaka mtakaporudi. Sina haja ya kukuuliza hali. Asubuhi nimekuona ukila viazi na kulalamika kwamba chai haina sukari, kwa hiyo najua u mzima.

Mambo ya kufunga tranka, ya kutoazimisha ndoo, ya kutonunua chakula dirishani kila treni inaposimama, baba yako ameshayasema yote, na shangazi yako atakuwa anayarudia sasa hivi huku amekushika mkono. Mimi siyaongezi. Nataka kukuandikia juu ya ile kanda.

Najua tumeisikiliza pamoja wiki iliyopita, na najua tulicheka mpaka jirani akachungulia. Lakini kanda ilipokwisha ulisema jambo moja, nami nikainuka nikaenda jikoni, nikasema maharage yanaungua. Hayakuwa yanaungua. Nilisimama pale nimeshika mwiko kwa sababu sikujua niuweke wapi uso wangu. Kesho jioni unapanda treni kwenda Tabora, na mimi si mtu wa kuyasema haya stesheni. Ngoja niyaandike.

Kiwanda cha nguo kiliposimama ulikuwa darasa la tatu. Unakumbuka khanga nilizokuwa naleta, zile zenye kasoro za uzi, lakini ndani hukuwahi kuingia, watoto hawakuruhusiwa. Mimi niliingia nikiwa msichana, mwaka uleule niliotoka Bukoba kwa meli, nikawekwa ufumaji. Watu husema ufumaji una kelele. Hawajui wanachosema. Mle ndani kelele haikuja kwa masikio, ilipanda kwa nyayo. Mitambo mamia inapiga kwa wakati mmoja. Tulizungumza kwa midomo na mikono, na ukitaka mwenzako akusikie kweli unamwinamia sikioni unapiga ukelele kwa nguvu zako zote, naye anausikia kama mnong'ono. Ndiyo maana wanawake wa ufumaji tulijulikana sokoni. Tuliuliza bei ya nyanya kama watu wanaogombana.

Siku walipozima mitambo nilisikia kunguru juu ya bati. Nilikuwa nimefanya kazi chini ya bati lile miaka yote, sikuwahi kujua kwamba lina kunguru.

Walituambia kiwanda kinatafutiwa mwekezaji. Walituambia tumepunguzwa kazi kwa muda. Kila Jumatatu tulikwenda getini kuuliza, na kila Jumatatu mtu mmoja wa ofisini alitoka, akasimama nyuma ya nondo, akasema, "Subirini." Hakuwa mtu mbaya. Nadhani naye alikuwa ameambiwa hivyohivyo na mtu mwingine. Lakini neno lile lilinikaa kichwani. Nilikuwa nageuza mapanki, ile mifupa ya sangara, kwenye mafuta hapa mlangoni, nawauzia watu, nalisikia: subirini, subirini.

Na mjini vitu vilikuwa vimejaa. Hilo nataka ulielewe, maana wewe umekua ukiona ni kawaida. Vitu ambavyo zamani tulivipangia foleni sasa vilimwagwa chini kwenye maturubai: redio, sabuni za rangi, viatu, nguo za mitumba kwa marobota. Miaka yote ile tulikuwa na mishahara na maduka matupu. Sasa maduka yalijaa, na sisi ndio tuliokuwa watupu.

Masanja alikuwa fundi wa mitambo pale ufumaji. Ndiye yule mrefu aliyekaa nyumba ya tatu, asiyekuwa na mke, aliyekutengenezea baiskeli ya waya. Siku moja alikwenda soko la Mlango Mmoja akanunua koti la ngozi la mtumba, jeusi, mikono mifupi kwake. Mwanza hii yenye jua! Tulimcheka mtaa mzima. Kwenye mfuko wa ndani alikuta kanda. Haikuwa na kasha, na karatasi yake ilikuwa imefutika maandishi. Akaileta kwetu kwa sababu sisi tulikuwa na redio kaseti, akaja na Doto, mpiga ngoma wa kigangoni.

Wimbo wa kwanza ulipoanza, Masanja aliruka akaizima redio. Akatoa betri, akazipanga upya, akapangusa kichwa cha kusomea kanda kwa pamba.

"Redio yako ina kichaa, mama Minza," akasema.

Tukawasha tena. Ikawa vilevile. Magitaa kama msumeno, ngoma kama mtu anayekimbizwa, na juu yake kijana anapiga kelele kana kwamba amefungiwa ndani. Hatujakaa sawa, wimbo umekwisha. Ukaanza mwingine. Zilikuwa nyimbo fupi kiasi kwamba ukiinama kuchochea moto, umepitwa na mmoja.

Doto alikuwa amefumba macho. "Haijaharibika," akasema. "Wanapiga hivi makusudi. Msikilizeni huyu wa ngoma. Hakosei hata kidogo."

Tukacheka. Tukairudia ili tucheke tena. Lakini mara ya tatu mimi sikucheka. Niliweka kiganja changu juu ya redio, nikasikia ule mtetemo ukipanda mkononi, na machozi yakanitoka hivihivi. Masanja aliniangalia. Yeye alikuwa ameshaelewa kabla yangu.

"Ni ufumaji," akasema taratibu.

Ndivyo ilivyokuwa. Watu tusiowajua, wa nchi tusiyoijua, walikuwa wamenirudishia kelele yangu.

Hatukuelewa neno hata moja. Kulikuwa na wimbo ambao yule kijana anarudiarudia kitu kimoja, na Doto akashika kwamba anasema "nalema", ambacho kwa Kisukuma ni "nakataa". Tulijua haiwezekani. Mzungu wa wapi angesema nalema? Lakini baada ya kukisikia hivyo, hatukuweza kukisikia vingine.

Bendi ya kiwanda, ile iliyokuwa ikipiga dansi siku za sikukuu, ilikuwa imeshavunjika, ila magitaa na amplifaya vilibaki stoo ya ukumbi wa wafanyakazi. Mlinzi naye alikuwa hajalipwa, akatufungulia. Masanja alijua gitaa kidogo. Doto alipiga ngoma kwa kasi ambayo padre asingeipenda. Mimi nilipiga kelele. Siwezi kuita kuimba. Kwaya ilishaniambia tangu zamani kwamba nina sauti ya kuita ng'ombe. Nikakuta kwamba ile ndiyo sauti iliyotakiwa.

Tulitunga nyimbo chache, fupifupi kama zile za kwenye kanda. Ninaoukumbuka vizuri ni mmoja. Mimi napiga ukelele "Subirini!" na wenzangu wawili wanajibu "Nalema!" Basi. Hapakuwa na zaidi ya hapo.

Nilikuwa mama wa mtu, umri wangu miaka thelathini na kitu, nina deni la kuni na mtoto wa darasa la tatu, na kwa wiki zile chache nilikuwa nikilala usingizi kama mtoto mchanga. Nakuambia hili kwa sababu baadaye nilikuambia nilikuwa na wazimu. Haukuwa wazimu. Tangu kiwanda kisimame sikuwahi kuwa na akili timamu kama siku zile.

Jumapili ya onyesho ukumbi ulijaa. Watu walifikiri ni dansi, wakaja wamevaa, wanaume wamechomekea mashati. Ulikuwa mbele kabisa na gauni lako la njano. Tulipoanza wimbo wa kwanza, mzee mmoja wa stoo alisimama akanyoosha mikono.

"Punguzeni sauti, jamani! Hatusikii mnachosema!"

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sitalisahau. Wanawake wa ufumaji, waliokuwa wamekaa nyuma, waliinuka wakaja mbele mmojammoja. Hawakuziba masikio. Walikuwa wananitazama mdomo. Wale wengine walisikia vurugu tu, lakini wenzangu walinisoma midomo kama tulivyosomana miaka yote, na wakaelewa kila neno. Nilipofika kwenye "Subirini!" walikuwa wameshajua cha kujibu. Walijibu ukumbi ukatikisika. Mama mmoja wa Kikerewe, mpole kuliko wote, alikuwa akipiga chini kwa kiatu chake amekishika mkononi.

Na katikati ya hayo nikakuona. Ulikuwa umeweka mikono masikioni, mdomo wazi, uso umekunjamana. Ukageuka ukakimbia, ukapita katikati ya miguu ya watu mpaka mlangoni.

Nilikuona, Minza. Sikuacha. Nilijiambia, wimbo huu uishe kwanza, halafu nimfuate. Wimbo ukaisha, tukaingia mwingine.

Halafu baba yako akatokea mlangoni. Alikuwa na ovaroli ya gereji, na mkononi ameshika spana ya magurudumu. Doto akaacha kupiga. Watu wakamtazama yeye na ile spana, wakanitazama mimi. Alikuja mpaka mbele, anahema.

"Mtoto amenifuata gereji," akasema. "Analia sana."

Hakusema zaidi. Nikashuka, nikafunga khanga yangu, nikatoka naye. Nilipofika nyumbani ulikuwa umelala kwa bibi jirani, na asubuhi ulikwenda shule bila kuniangalia usoni. Mimi nikalimaliza lile jambo peke yangu kichwani: mwanangu ameniona nimesimama mbele ya watu nabweka kama mbwa, ameona aibu, amekwenda kunishtaki kwa baba yake. Sikukuuliza wewe. Sikumuuliza yeye. Nilikuwa nimeshajua, si ndiyo?

Masanja alinifuata tena, akaniambia watu wanauliza tutapiga lini. Nikamwambia nina mtoto. Alikwenda Geita kutafuta dhahabu, amevaa koti lake, akaniachia kanda. "Redio ni yako," akasema. Nikaitupa ndani ya tranka, chini kabisa, juu yake nikapanga mashuka.

Baadaye nikapata kazi kwenye kiwanda cha samaki, kukata minofu ya sangara. Unajua nilivyokuwa nikirudi. Kule hakuna kelele, kuna baridi na mabuti ya mpira na msimamizi asiyependa maongezi. Nikajifunza kunyamaza, nikauleta ukimya ule hapa nyumbani kana kwamba ni zawadi. Punguza sauti, Minza. Mtoto wa kike hacheki hivyo, majirani wanasikia. Ukilia, nenda kalilie chumbani. Nilifikiri nakulinda na aibu. Nilikuwa nasema: sitakuaibisha tena, na wewe usiniaibishe.

Ulipokuwa darasa la sita, mwalimu wako aliniambia kwenye mkutano wa wazazi, "Mtoto huyu ni mpole, mama, hata darasani hasikiki." Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nikakununulia soda. Nikikumbuka soda ile natamani kurudi nyuma nikuulize kwa nini husikiki.

Miaka ikapita hivyo, mpaka wiki mbili hizi ulipolitoa tranka ili ulisafishe kwa safari, ukatokea uani umeishika kanda kwa vidole viwili.

"Mama, hii ndiyo ile?"

Nikasema ndiyo. Nilitegemea utaiweka chini. Wewe ukaenda nayo mpaka shuleni kwenu ulikomaliza, kwa yule mwalimu kijana wa kujitolea, Mzungu, ukamwomba aisikilize. Ulirudi unakimbia. Ukaniambia aliruka kwenye kiti. Kwamba hiyo ni kanda inayojulikana sana huko kwao, kwamba vijana wengi mno waliisikia wakatafuta magitaa siku ileile, na kwamba kuna bendi tele zisingekuwapo bila hiyo. Ukaniambia na jina lao, nami nimeshalisahau, unisamehe. Kwangu mimi wataendelea kuwa wale wa kwenye koti.

Nilitaka kujua kitu kimoja. "Anasema nalema?"

"Hasemi nalema, mama." Ulikuwa unajizuia kucheka. "Mwalimu anasema ni wimbo wa kijana aliyechoka kukaa nyumbani kwao. Anawaambia wazazi wake wamwache."

"Kijana wa umri gani?"

"Kama mimi. Mwalimu anasema wote walikuwa kama mimi."

Basi tukaisikiliza. Nitakuambia ukweli: si nzuri kama nilivyoitunza kichwani. Nyimbo kadhaa zinafanana, na kuna ule mmoja ambao mwalimu wako alikataa kuutafsiri, na nadhani alifanya vema. Lakini si hilo lililonishangaza. Miaka ile nilisikia majitu. Nilisikia wanaume wenye mabega, wenye uwezo wa kuvunja geti. Safari hii nilisikia watoto. Sauti ile inapanda, inakwama, inakatika palepale inapotakiwa kuwa kali, kama sauti ya mvulana yeyote anayebalehe. Walikuwa watoto wa watu, wamejifungia kwenye chumba fulani, wanaogopa na wanakazana wasionekane wanaogopa. Nikajikuta nawaza mama zao walikuwa wapi siku ile. Walikuwa chumba cha pili wakisema punguzeni sauti? Kuna aliyefungua mlango akauliza, mmekula?

Kelele ya ufumaji nayo bado imo. Niliweka tena kiganja juu ya redio. Imo.

Ndipo kanda ilipokwisha, nawe ukasema, huku unaitoa, kama mtu anayesema jambo la kawaida tu:

"Siku ile ukumbini niliogopa sana. Nilidhani unaumia. Nilimkimbilia baba nikamwambia mama anauawa, aje na kitu."

Mimi nikaenda kuangalia maharage.

Jioni ile nilimuuliza baba yako. Alikuwa ananawa miguu. Nikamwambia, "Mabula, siku ile ya ukumbini, mtoto alikuambia nini?"

"Kwamba unauawa."

"Mbona hukuniambia?"

Akafikiri. Unamjua. "Nilifika nikakuta hujauawa," akasema. "Nikaona hakuna la kusema."

Nilicheka, Minza, kisha nikalia, kisha nikacheka tena, na yeye akakaa na miguu yake ndani ya beseni akiniangalia kama redio mbovu. Miaka yote ile nimeishi na mtoto aliyeniona aibu. Huyo mtoto hakuwapo. Aliyekuwapo ni mtoto mwenye gauni la njano aliyekimbia barabara nzima peke yake kwenda kuniletea mtu wa kuniokoa. Na mimi nikamlipa kwa kumfundisha kunyamaza.

Sijutii kupiga kelele. Kama ingekuwa leo, ningepiga. Kile ambacho ningebadilisha ni kidogo sana: asubuhi ile kabla hujaenda shule ningechuchumaa mbele yako nikauliza, "Jana uliona nini?" Maneno hayo tu. Nilidhani naujua moyo wa mtu kwa sababu nimemzaa.

Unakwenda kuwa mwalimu. Watakuja watoto mbele yako, na mmoja ataziba masikio, au atatoka nje bila ruhusa, au atakaa kimya mwaka mzima na wenzako watamsifu kwa upole wake. Siwezi kukufundisha kazi ambayo sijaisomea. Nakuomba tu, huyo usimmalize kichwani mwako. Mwinamie, umuulize, usubiri jibu hata kama kengele inalia.

Na wewe mwenyewe, huko, kama jambo linakuumiza, liseme. Wakikuambia usubiri, uliza unasubiri nini. Usiogope kwamba nitasikia nikaona aibu. Nimeshaona aibu ya bure ya kututosha sote wawili, hakuna haja ya kuongeza nyingine. Kama ukikosea, andika. Kama ukichoka kuwa mbali, andika hilo pia, na kama ukichoka na sisi, kama yule kijana wa kwenye wimbo, andika uniambie nikuache kidogo. Nitakasirika siku mbili, halafu nitakuacha.

Namsikia baba yako akivua viatu nje, na mafuta ya taa yananisubiri niyatie kwenye jiko. Barua hii nitaiweka juu kabisa ya vitu vyako, usije ukaitafuta.

Kesho stesheni kutakuwa na fujo. Injini inanguruma, wapagazi wanapigiana kelele, watu wanaaga huku na huku, na mimi ni mfupi, nitamezwa na umati. Ukishapata dirisha, niite. Usipunge mkono tu kama mtoto mpole. Na ukiita "mama" watageuka akina mama wote wa Mwanza, kwa hiyo toa kichwa nje na uniite kwa jina nililobatizwa, kwa sauti yako yote, mbele ya watu. Si utovu wa adabu, nimekuruhusu. Nami nitakujibu hivyohivyo, na wanaotaka kuziba masikio wazibe.

Mama yako,
Bernadeta